Tulimwimbia Anuarite, Tukamnyamazia Dada Yetu



Vijana wenzetu, tafakari hii imezaliwa na ugomvi. Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa Machi, baada ya Misa ya pili, mvua ikiyapiga mabati ya ukumbi wa parokia hata tukalazimika kusema kwa sauti kubwa. Akina mama walikuwa wamekwisha kushona vitenge vyao vya sare kwa ajili ya tarehe 8, nao wakatuomba sisi vijana tuwasindikize kwa ngoma. Ndipo mmoja wetu, mwanafunzi aliyekuwa amerudi kutoka Butembo kwa siku chache, aliposimama akasema kwamba siku ile haituhusu. Alisema ilitungwa na wakomunisti, watu waliofunga makanisa na kuwatia mapadri gerezani, na kwamba Mkristo hana haja ya kuazima haki kwa watu wasiomjua Mungu. Wavulana wengi wakapiga makofi.

Dada mmoja aliyekaa karibu na mlango, ambaye siku za kazi huosha mchanga wa dhahabu mtoni, akamwuliza kwa upole: «Yaya, basi hiyo haki Kanisa lilinipa lini, nami niende kuichukua?»

Hakuna aliyemjibu. Mvua iliendelea kunyesha, nasi tukatawanyika bila kufunga kwa sala, jambo ambalo si desturi yetu.

Tangu siku ile tumesoma tulichoweza kukipata, tumewauliza wazee, tumewasumbua mapadri. Tunaandika hapa tuliyoyaona, pamoja na jambo moja la aibu lililo letu wenyewe, ambalo tungependa kuliacha nje lakini hatuwezi.

Tuanze kwa kumtendea haki ndugu yetu mwanafunzi, kwa kuwa kuhusu chanzo cha siku hiyo hakusema uongo. Mwaka 1910, katika mkutano wa wanawake wasosialisti uliofanyika Copenhagen, Mjerumani Clara Zetkin na wenzake walipendekeza iwepo siku ya kimataifa ya wanawake. Tarehe yenyewe ilitiwa nguvu huko Urusi. Tarehe 8 Machi 1917 wanawake wa viwanda vya nguo mjini Petrograd waliacha mashine zao wakatoka barabarani wakidai mkate, na kwa siku chache tu ufalme wa karne nyingi ukaanguka. Umoja wa Mataifa uliipokea siku hiyo baadaye sana, mwaka 1975. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Lakini tulipowasomea mama zetu habari ya wale wanawake wa Petrograd, hakuna hata mmoja aliyeuliza kama walikuwa wakomunisti. Waliuliza bei ya mkate ilikuwa kiasi gani. Anayengojea gari la unga kutoka Butembo katika barabara yetu ya matope, siku tatu, siku nne, anaelewa mambo ya mkate bila kufundishwa.

Tuliposoma zaidi tulikuta jambo lililotuchekesha kwanza, kisha likatuhuzunisha. Linahusu Ubelgiji, nchi iliyotutawala na kutuletea sheria zake nyingi. Chama cha wafanyakazi cha huko kilikuwa kimeandika katika madai yake kwamba wanaume na wanawake wote wapige kura. Ilipofika mwaka 1902, viongozi wake walikubaliana na waliberali kuliweka kando dai la wanawake. Sababu yao ilikuwa hii: wanawake wa Ubelgiji walikwenda kanisani, na wasosialisti waliogopa kwamba wangepiga kura kama paroko anavyotaka. Nao wanasiasa Wakatoliki, ambao kwa miaka mingi hawakuwa na haraka yoyote na jambo hilo, wakaanza kulipenda kwa sababu ileile. Mwaka 1919 wakapatana nusu nusu: wanawake wapige kura katika manispaa, lakini katika kura za bunge waruhusiwe tu wachache, hasa wajane na akina mama wa watu waliokufa vitani. Wengine walingoja hadi sheria ya mwaka 1948.

Tafakarini basi. Upande mmoja ulimnyima mwanamke kura kwa kumwogopa padri, upande wa pili ulitaka kumpa kwa kumtegemea padri, na katika pande zote mbili hakuna aliyefikiri kwamba mwanamke ana akili yake. Dada zetu walipoisikia habari hii walisema kuwa wanaujua mkutano wa namna hiyo. Hufanyika katika kila ukoo siku ya kuzungumzia mbuzi wa mahari.

Wala Kanisa letu halikuona yote tangu mwanzo. Papa Leo wa Kumi na Tatu, katika waraka wake wa mwaka 1891 juu ya wafanyakazi, aliwatetea maskini kwa maneno makali ambayo hata leo mwenye shimo la dhahabu asingependa kuyasikia. Lakini juu ya mwanamke alisema kwa kifupi kwamba maumbile yake yanafaa kwa kazi za nyumbani. Ilichukua miaka 72 kufika kwa Papa Yohane wa Ishirini na Tatu, ambaye katika waraka juu ya amani, mwaka 1963, alihesabu kuingia kwa wanawake katika maisha ya jamii kuwa mojawapo ya alama za nyakati, na akakiri kwamba mwanamke hakubali tena kutendewa kama chombo. Na mwaka 1995 Papa Yohane Paulo wa Pili aliwaandikia wanawake wote duniani barua, na ndani yake alisikitika kwa makosa ambayo wana wa Kanisa waliwatendea. Tulimpa yule dada wa mtoni jibu hilo, kwamba haki yake iliandikwa mwaka 1963. Alihesabu kwa vidole, akasema: «Mama yangu alikuwa hajazaliwa. Mbona hakuna aliyempelekea habari?»

Sasa turudi nyumbani, Kongo.

Mwezi wa Mei 1960 nchi yetu ilipiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua bunge. Wengi wetu hatukujua kwamba wanawake hawakupiga kura. Ni wanaume tu. Na bado katika miezi ileile mwanamke mmoja alizunguka Kwilu na sehemu nyingine akikusanya maelfu ya wanawake wasiokuwa na kura. Jina lake Andrée Blouin. Alizaliwa mwaka 1921 katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Afrika ya Kati, mama yake Mwafrika, baba yake Mfaransa. Akiwa mtoto mdogo alitengwa na mama yake akawekwa katika kituo cha mayatima chotara mjini Brazzaville, kilichoongozwa na watawa, na kumbukumbu aliyotoka nayo huko ni ya uchungu. Baadaye mwanawe mdogo René alishikwa na malaria, akanyimwa kwinini kwa sababu alikuwa na damu ya Kiafrika, naye akafa. Kutokana na kifo hicho, mama yule aliingia siasa. Mwaka 1960 alifanya kazi pamoja na chama cha PSA cha Antoine Gizenga na Pierre Mulele, akaunda chama cha wanawake ndani ya harakati hiyo. Aliwafundisha kujua kusoma, kutunza afya, kuijua nchi yao. Kisha akawa mkuu wa itifaki katika serikali ya Patrice Lumumba. Magazeti ya ng'ambo yalimwita mkomunisti na mengine mabaya kuliko hayo, kwa kuwa ilionekana haiwezekani mwanamke awe karibu na wakubwa kwa sababu ya akili zake.

Tuliwaza sana juu ya maisha yake. Watawa walimlea, akatoka kwao na jeraha. Wasosialisti wakampa kazi, lakini kura hawakuweza kumpatia, na sijui kama walifikiri kuipigania kwa nguvu ileile waliyopigania viti vyao. Wanawake wa Kongo walipata haki ya kupiga kura mwaka 1967, chini ya Mobutu, ambaye hakuwa msosialisti wala mtakatifu. Mwaka mmoja kabla yake Sophie Kanza alikuwa amekuwa waziri wa kwanza mwanamke. Historia haina adabu. Haipiti katika mlango tuliomwandalia.

Mulele naye alirudi Kwilu mwaka 1963 akaanza vita vya porini. Alikuwa amejifunza China, na aliwapa wapiganaji wake maagizo manane, mojawapo likiwa kwamba wawaheshimu wanawake wala wasiwafanyie wapendavyo. Huko porini aliishi Léonie Abo, aliyekuwa amesomea kazi ya uuguzi na ambaye kabla ya hapo aliozwa angali msichana mdogo. Abo alikaa miaka mitano msituni, na Mulele alipouawa mjini Kinshasa mwaka 1968, yeye alibaki kuwa shahidi wa yale yaliyotokea. Tunataja jambo hili ili msidhani kwamba tunawahukumu wote kwa fimbo moja. Agizo liliandikwa, na walikuwako walioamini.

Lakini agizo lililoandikwa Kwilu halikufika Isiro.

Hapa ndipo tunapotaka kukaa kidogo, kwa kuwa kila tarehe 1 Desemba sisi sote tunaimba, tunacheza, tunavaa fulana zenye picha ya Mwenye Heri Anuarite, na tunadhani tunamjua.

Alizaliwa karibu na Wamba mwaka 1939, katika kabila la Wabudu, mtoto wa nne kati ya mabinti sita. Zingatieni hilo: mabinti sita, mvulana hakuna. Kwa sababu hiyo baba yake alimfukuza mama yake, Isude, akaoa mke mwingine. Hatukumbuki kuwahi kulisikia jambo hili likihubiriwa kwa kituo. Mtakatifu wetu alilelewa na mama aliyefukuzwa kwa kosa la kuzaa wasichana. Kabla hajakutana na askari yeyote, alikuwa amekwisha kuonja jinsi mwanamke anavyopimwa kwa kile anachompatia mwanamume. Na alimsamehe baba yake. Zoezi la kusamehe alilianzia nyumbani. Akaingia shirika la Jamaa Takatifu huko Bafwabaka, akaitwa Sista Marie-Clémentine, akawa mwalimu, mpishi, mtu wa sakristia.

Mwaka 1964 waasi waliojiita Simba waliteka nusu ya mashariki ya nchi. Walifika Kisangani mwezi wa Agosti, na mwezi wa Septemba wakatangaza huko Jamhuri ya Watu. Walifika hata Beni na Butembo. Babu zetu wengine waliwapokea kwa matawi, wengine walikimbilia msituni, na wengine walifanya yote mawili kwa juma moja. Viongozi wao walisema maneno ya usosialisti: uhuru wa pili, mali kwa wote, mwisho wa wakubwa wanaokula peke yao. Haikuwa njaa ya bure. Watu walikuwa wamechoka kweli na wale waliorithi viti vya Wabelgiji pamoja na tabia zao. Nasi tunaokanyaga juu ya dhahabu tukiwa na viatu vilivyotoboka, tusiwacheke waliodai kugawana.

Lakini Simba walikuwa na dawa. Waliamini kwamba maji ya mganga huzigeuza risasi kuwa maji, na masharti ya dawa yalikuwa mengi, na sharti kubwa mojawapo lilikuwa kutoguswa na mwanamke, kwa kuwa mwanamke huharibu nguvu. Ajabu ni kwamba mmoja wa waganga wao waliojulikana sana alikuwa mwanamke, Mama Onema. Mwanamke aliweza kuitengeneza dawa, na mwanamke aliweza kuiharibu. Kuwa mwenzi sawa katika mapinduzi, hiyo haikuwa katika masharti. Na sharti lilipolegezwa, halikulegezwa kwa heshima. Wakubwa walichukua wanawake.

Tarehe 29 Novemba walifika katika konventi ya Bafwabaka wakawapakia katika gari kubwa masista, wanovisi na waposhulanti, jumla yao 46. Waliwapeleka Isiro, mji uliokuwa ukiitwa Paulis. Usiku wa tarehe 30 kanali mmoja, Ngalo, aliamua kwamba Anuarite atakuwa mke wake. Mama mkuu, Mama Kasima, alikataa kwa niaba yake. Kanali mwingine, Olombe, akachukua kazi ya kumlazimisha, kisha akamtaka kwa ajili yake mwenyewe. Alimvuta kwenye gari pamoja na Sista Jean-Baptiste Bokuma. Anuarite alikataa kuingia. Alipigwa kwa kitako cha bunduki. Katikati ya mapigo alimwambia mtesi wake kwamba anamsamehe, maana hajui analolifanya. Wakamchoma kwa visu vya bunduki, na Olombe akampiga risasi. Alikata roho usiku huo wa kuamkia tarehe 1 Desemba, akiwa karibu na umri wa miaka 25. Sista Bokuma alivunjwa mkono, akabaki hai.

Tarehe 15 Agosti 1985, mjini Kinshasa, Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye Heri, na siku ileile, kwa jina la Kanisa, akamsamehe aliyemwua.

Tumezoea kusema kwamba alikufa kwa ajili ya ubikira wake, na ni kweli. Alikuwa amejiweka wakfu kwa Bwana. Lakini katika mazungumzo yetu dada mmoja alituuliza ikiwa Anuarite angekuwa mjane mwenye watoto wanne, anayeuza sombe sokoni, je, «hapana» yake ingekuwa na uzito mdogo? Tulinyamaza tena. Tunaamini padri alimjibu vema aliposema kwamba nadhiri ilikuwa zawadi yake kwa Mungu, na mtu hawezi kutoa zawadi kitu kisicho chake. Mwili wake ulikuwa wake, kwa hiyo aliweza kumpa Mungu, na kwa hiyo hakuna kanali aliyeweza kuuchukua.

Katika ile Jamhuri ya Watu, basi, «watu» walikuwa nani? Tunauliza bila kuwasahau askari wa serikali na mamluki wazungu waliokuja kuwafukuza Simba, nao wakafanya ya kwao katika vijiji. Hakuna aliyewatetea wanawake kwa bunduki mwaka ule. Swali letu ni kwa wale waliokuja na ahadi. Anayeahidi usawa huulizwa kwa ahadi yake. Katika nchi jirani ya Tanzania, Mwalimu Nyerere, Mkatoliki wa Misa ya kila siku, aliandika mwaka 1967 kwamba jamii ya zamani ilimkosea mwanamke na kwamba ujamaa haukubali kosa hilo. Alisema kweli. Na bado sheria ya ndoa ya huko, ya mwaka 1971, iliacha msichana aweze kuozwa akiwa na miaka 15 kwa idhini ya wazazi, hata mahakama ya rufani ilipokuja kuihukumu mwaka 2019. Bibi Titi Mohamed, aliyewaleta wanawake kwa maelfu katika chama cha TANU, alijikuta nje ya uongozi mwaka uleule wa 1967, na miaka michache baadaye gerezani. Tunapita haraka hapa kwa sababu wenzetu wa huko wanaijua habari hiyo kuliko sisi.

Tunalotaka kusema linahusu mashimo yetu.

Kila anayeishi Manguredjipa anajua kwamba mwanamke haingii shimoni. Akiingia, wanasema, dhahabu hukimbia. Akiwa katika siku zake, asikaribie hata mdomo wa shimo. Anaruhusiwa kubeba mawe, kuyaponda, kuosha mchanga akiwa majini hadi magotini tangu asubuhi, kupika, kuuza, na kukopesha pesa ambazo hazirudi. Mwenye shimo, yule tunayemwita PDG, hugawa mapato kwa wale walioshuka chini. Na kwa kuwa mwanamke hashuki, hana fungu. Tulipoisoma habari ya dawa ya Simba tulitazamana. Ni sharti lilelile. Tulikuwa tukiwasikitikia wapiganaji wa mwaka 1964 kwa ushirikina wao, kumbe sisi vijana wa parokia, wenye rozari shingoni, tunashuka shimoni Jumatatu kwa dawa ileile, na faida yake inaingia mfukoni mwetu. Ndugu yetu mwanafunzi, tunamtaja kwa ruhusa yake, alisema kwamba karo yake ya Butembo hulipwa kwa shimo la kaka yake, na mawe ya shimo hilo hupondwa na dada zake wawili ambao waliacha shule katika darasa la sita.

Sasa lile la aibu.

Miaka michache iliyopita tulikuwa na mwenzetu katika kundi, msichana wa miaka 16, mwimbaji wa sauti ya kwanza. Tutamwita mwimbaji wetu. Mwezi wa Novemba, tulipokuwa tukijifunza nyimbo za Anuarite, alituambia kwamba ukoo umepokea mbuzi kutoka kwa mnunuzi mmoja wa dhahabu mwenye umri wa kumzaa, na kwamba yeye hataki. Alitwambia wazi. Alisema neno lenyewe, hapana, mbele yetu, watu zaidi ya ishirini. Sisi tulifanya nini? Tulimwambia asali. Mmoja alimwambia kwamba huenda ndiyo mapenzi ya Mungu. Kiongozi wetu alisema mambo ya ukoo hayaingiliwi. Tuliogopa wajomba zake, na tuliogopa pesa za yule mtu, kwa maana alikuwa ameahidi saruji kwa ajili ya ukumbi. Tarehe 1 Desemba tuliimba vizuri kuliko miaka yote. Yeye hakuwepo; alikuwa amekwisha kupelekwa. Tulimtafuta mwingine wa kuimba sauti ya kwanza.

Hatukujua wakati ule, au hatukutaka kujua, kwamba sheria ilikuwa upande wake. Sheria ya mwaka 2009 ya ulinzi wa mtoto inakataza kumwoza aliye chini ya miaka 18. Kanuni ya familia ya mwaka 1987, ambayo ilimruhusu msichana kuolewa na miaka 15 na kumtaka mke aombe idhini ya mumewe katika mambo ya kisheria, ilirekebishwa mwaka 2016: sasa ni miaka 18 kwa wote, na ile idhini imeondolewa. Mume bado anaitwa humo kichwa cha nyumba. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 14, inaiagiza dola iondoe kila ubaguzi dhidi ya wanawake. Na juu ya sheria zote hizo, Kanisa lenyewe halitambui ndoa pasipo ridhaa huru. Ndoa ya kulazimishwa si ndoa mbele ya altare. Hilo halikuhitaji mkomunisti kutufundisha, lilikuwa letu tangu karne nyingi, nasi tuliliweka kabatini pamoja na mishumaa.

Basi, ndugu yetu mwanafunzi alipotuuliza haki ya wanawake ilitoka wapi, tulipaswa kumjibu hivi: wasosialisti waliitangaza kwa sauti kubwa na mara nyingi wakaiuza walipohitaji kura au ushindi, Kanisa lilikuwa na mbegu yake katika sakramenti zake na mara nyingi likaifukia chini ya desturi, na katika nyumba zote mbili waliolipa gharama walikuwa wanawake wenyewe. Blouin hakungoja kuruhusiwa. Wala Anuarite. Wasingekubaliana juu ya mambo mengi kama wangekutana, na huenda Blouin angekataa hata kuketi karibu na sista. Sisi tungependa kuwakalisha wote wawili katika benchi moja la ukumbi wetu, kisha tunyamaze tuwasikilize.

Machi hiyo tulikwenda na akina mama. Si wote, wavulana saba hawakuja. Tulipiga ngoma kutoka parokia hadi sokoni, na ndugu yetu mwanafunzi alibeba ngoma kubwa, akilalamika njia nzima kwamba bado hajashawishika.

Tangu mwaka 2024 mashambulizi ya ADF yamefika katika sekta yetu ya Bapere, na watu wa vijiji vingi wamehama. Ukumbi ule uliongojea saruji umelaza familia za wakimbizi. Kati ya waliofika usiku mmoja, wakitoka upande wa msituni, alikuwamo mwimbaji wetu, mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Yule mnunuzi wa dhahabu alikuwa amekwisha kuoa mwingine. Tulimletea maji na mkeka, hatukujua la kusema. Jumapili iliyofuata alikaa nyuma kabisa, na kwaya ilipoanza hakuimba.

Tulikwenda kwake jioni, viongozi wanne, tukamwomba msamaha kwa kumtaja kila mmoja alichomwambia Novemba ile. Alisikiliza akimnyonyesha mtoto. Kisha akasema kwamba ametusikia, na kwamba angependa kujua kama ile shule ya jioni inawapokea wenye watoto, na kama kuna mtu wa kumshikia huyu mdogo saa za masomo.

Zamu tumeziandika ukutani. Jumanne na Ijumaa ni za wavulana.